Moss Pit, Edmonton: kutazama fainali ya hoki nje ya uwanja

Edmonton, katika jimbo la Alberta nchini Kanada, ilifika fainali ya Kombe la Stanley, taji kuu la hoki ya barafuni Amerika Kaskazini, mwaka 2024 na tena 2025, na mara zote mbili timu yake, Oilers, ikafungwa na Florida Panthers ya Marekani. Kombe hawajalibeba tangu 1990. Timu yoyote ya Kanada haijalibeba tangu Montreal mwaka 1993. Kiu hiyo ndiyo inayomimina mji mzima nje ya Rogers Place, ukumbi wa nyumbani wa Oilers, kwenye uwanja wa wazi wenye skrini kubwa uitwao Moss Pit. Jina ni la Joey Moss, mhudumu wa chumba cha kubadilishia nguo aliyeitumikia timu tangu miaka ya 1980 na kufariki 2020. Mapenzi ya mji huu kwa timu yake yanaonekana hapo hapo, kwenye jina.

Kwa shangwe, hakuna pa kupashinda. Kwa kuufuata mchezo wenyewe, pana kasoro, na ni vizuri uzijue kabla hujatoka nyumbani.

Kubwa ni jua. Mechi nyingi za fainali huanza saa 12 jioni kwa saa za Edmonton, na mwezi Juni jua huko linazama baada ya saa 4 usiku. Maana yake karibu mechi nzima inachezwa mchana kweupe. Paki, kile kidude cheusi cha mpira kinachogongwa kwa magongo, kina upana wa sentimita 7.6 tu, na skrini ikipigwa na mwanga hukioni. Fika mapema, simama mahali ambapo jua halikupigi machoni wala haliiangazii skrini moja kwa moja, kisha acha kukisaka kile kidude. Tazama miili ya wachezaji na mabega ya kipa. Ndivyo mashabiki wazoefu wanavyojua goli linakuja.

Saa za kwenda chooni na kununua chakula ndizo zinazowaponza wageni. Mechi ina vipindi 3 vya dakika 20, na wakati wa mapumziko kila mtu anakimbilia foleni zile zile. Usiwafuate. Katikati ya kila kipindi kuna visimamo 3 vya matangazo, mchezo unaposimama kwa mara ya kwanza baada ya saa ya mchezo kushuka chini ya dakika 14, 10 na 6. Ondoka kwenye hicho cha dakika 10, foleni ikiwa fupi. Ila kuna wakati wa kutobanduka kabisa: mchezaji wa upande wa pili akipelekwa benchi la adhabu kwa dakika 2. Oilers wakiwa 5 dhidi ya 4, huku nyota wao Connor McDavid na Leon Draisaitl wakiwa barafuni, uwanja mzima unanyamaza kwa kusubiri, halafu unalipuka.

Muda wa nyongeza ni jambo jingine kabisa. Kwenye mtoano hakuna penalti za kuamua mshindi. Wanacheza vipindi vya dakika 20 hadi mmoja afunge, na visimamo vya matangazo havipo tena. Mechi 2 za kwanza za fainali ya 2025, zote Edmonton, zilikwenda huko. Ya kwanza Draisaitl aliimaliza 4-3 zikiwa zimebaki sekunde 31 za nyongeza. Ya pili ilifika nyongeza ya pili kabla Brad Marchand wa Panthers hajawanyamazisha wenyeji 5-4. Kwa hiyo beba koti hata kama mchana ulikuwa wa joto, maana usiku wa Juni huko hupoa haraka, na chaji simu ijae. Arifa za magoli zizime: picha ya skrini huchelewa kidogo, na simu inaweza kukuharibia utamu wote.

Begi liache nyumbani, kwani ukaguzi ni mkali. Utaratibu wa kuingia nao hubadilika, hivyo soma tangazo la timu siku hiyo hiyo.

Gari usilete, barabara za jirani hufungwa. Treni ya Metro Line inakushusha kituo cha MacEwan, jirani kabisa na uwanja. Kurudi ndipo shida ilipo, kwani kila mtu anakikimbilia kituo hicho. Tembea hadi Churchill: inapita Metro Line, Capital Line na Valley Line. Anayekwenda mtaa wa Mill Woods hana sababu ya kusukumana MacEwan hata kidogo, maana Valley Line, inayokwenda Mill Woods, haipiti MacEwan.

Walioko Nairobi au Dar es Salaam wataikuta mechi hiyo ya saa 12 jioni kwenye saa 9 usiku wa kuamkia kesho yake.