"Uptown Funk" au "Blurred Lines": nani alikopa vizuri?

Zipige nyimbo hizi mbili kwenye matatu ya Kondele, abiria watatikisa vichwa vilevile. Tofauti ni jinsi zilivyokopa.

"Uptown Funk" ya Mark Ronson na Bruno Mars (2014) ilifanana na kibao cha The Gap Band cha 1979. Mwaka 2015 watunzi wa kibao hicho wakaongezwa kwenye umiliki, wakapata asilimia 17, bila kufika mahakamani. Safi.

"Blurred Lines" ya Robin Thicke na Pharrell Williams (2013) ilifuata midundo na shamrashamra za "Got to Give It Up" ya Marvin Gaye (1977). Jopo la mahakama likaamuru fidia ya zaidi ya dola milioni 7, baadaye ikapunguzwa. Hapo mimi nasita: ladha tu ishitakiwe? Kwa kanuni hiyo, wapiga gitaa wa benga hapa Kisumu wangeshitakiana wote.

Kwa dansi, nachagua "Uptown Funk".