OBS Studio kwa anayetaka kurekodi sauti moja tu: inaweza, ila haianzi hivyo

Programu nyingi za kurekodi skrini hunasa kila kinacholia kwenye kompyuta: mhadhara unaoutaka, mlio wa WhatsApp usioutaka, na wimbo ulioachwa ukicheza dirisha la nyuma. OBS Studio ni ya bure, msimbo wake uko wazi kwa yeyote, na ipo kwa Windows, macOS na Linux. Wengi wanaijua kwa matangazo ya moja kwa moja ya YouTube na Twitch. Hapa tunaipima kwa jambo moja: je, unaweza kuiamuru ichukue sauti ya programu hii na picha ya dirisha lile, basi, mengine yote yabaki nje? Inawezekana, na kwa upande wa Windows hatuoni programu ya bure inayoifikia. Shida yake ni kwamba ukiiwasha kama ilivyotoka kiwandani, inafanya kinyume kabisa.

Kinyume hicho kinaitwa "Desktop Audio". Ni chanzo ambacho OBS hukiweka yenyewe, na kazi yake ni kuchukua chochote kinachotoka kwenye spika. Mtu anaongeza chanzo cha Zoom peke yake, anarekodi saa nzima, kisha akisikiliza anakuta sauti ya Zoom imejirudia kama mtu anayeongea ndani ya pipa, na milio ya arifa imo vilevile. Zoom imeingia mara mbili: mara ya kwanza kupitia chanzo chake, mara ya pili kupitia "Desktop Audio". Kwa hiyo kabla ya kuongeza chochote, fungua "Settings", ingia "Audio", na kwenye sehemu ya "Global Audio Devices" weka "Desktop Audio" iwe "Disabled". Hapo chini yake kuna "Mic/Auxiliary Audio". Kama sauti yako haihitajiki kwenye rekodi, nayo izime. Kuivuta chini kwenye mikisa (kisanduku cha "Audio Mixer" chenye vipimo vya sauti) au kuibofya alama ya spika haitoshi, kwa sababu mkono ukiteleza siku nyingine inarudi bila wewe kujua.

Baada ya hapo nenda kwenye kisanduku cha "Sources", bofya alama ya kujumlisha, chagua "Application Audio Capture", kipe jina linaloeleweka, kisha kwenye orodha ya madirisha chagua programu unayoitaka. Lazima programu hiyo iwe tayari imefunguliwa, la sivyo haitaonekana kwenye orodha. Chanzo hiki kiliingia rasmi kwenye toleo la 28, mwaka 2022, na kinahitaji Windows 10 toleo 2004 au jipya zaidi, au Windows 11. Kwenye Windows ya zamani zaidi ya hapo hakitaonekana kabisa, na kusakinisha OBS upya hakutasaidia.

Kuna mpangilio mmoja mdogo ambao watu huupita: "Window Match Priority". Jina la dirisha la kivinjari hubadilika kila unapobadilisha ukurasa, na la programu ya kuchezea video hubadilika kila faili mpya inapofunguliwa. Ukiiambia OBS ishike jina la dirisha peke yake, sauti inaweza kukatika katikati ya rekodi bila onyo lolote. Chagua ile inayosema itafute dirisha la programu ileile iwapo jina halikupatikana, yaani yenye maneno "same executable".

Udhaifu mkubwa wa chanzo hiki uko kwenye vivinjari. OBS inatenganisha programu na programu, haitenganishi kichupo na kichupo. Ukichagua Chrome, umechagua Chrome yote: somo la kichupo cha kwanza, tangazo lililoanza kupiga kelele kichupo cha saba, na Gmail. Njia nyepesi ni kutumia vivinjari viwili, unachorekodi kikiwa Firefox na mengine yote yakiwa Chrome. Njia ya pili ni nadhifu zaidi: ongeza chanzo cha "Browser", bandika anwani ya ukurasa, na uweke alama kwenye "Control audio via OBS". Ukurasa huo utafunguka ndani ya OBS yenyewe na kupata mstari wake kwenye mikisa. Ukitaka kubofya kitu ndani yake, bofya chanzo kwa kitufe cha kulia cha kipanya na uchague "Interact". Kumbuka kivinjari hicho cha ndani hakijui nywila zako za Chrome, kwa hiyo utaingia kwenye akaunti upya, na kwa chaguo-msingi hutasikia kitu masikioni mpaka ufungue "Advanced Audio Properties" na ukiwekee "Monitor and Output".

Traki sita, na kwa nini moja haitoshi

Hapa ndipo OBS inapowaacha mbali wenzake. Faili moja inaweza kubeba hadi traki sita za sauti, kila moja ikiwa peke yake. Maana yake huhitaji kuamua wakati wa kurekodi kama muziki utabaki au utatoka. Unaurekodi kando, unaamua baadaye.

Fungua "Advanced Audio Properties" kwa kubofya alama ya gia kwenye mikisa. Mbele ya kila chanzo utaona visanduku vyenye namba 1 hadi 6, na mwanzoni vyote vina alama, ndiyo maana anayewasha traki nyingi bila kugusa hapa hupata nakala sita za mchanganyiko uleule. Mpangilio tunaoupendekeza: traki ya 1 iwe mchanganyiko wa vyote vinavyotakiwa kusikika, ya 2 maikrofoni peke yake, ya 3 Zoom au Meet peke yake, ya 4 muziki. Traki ya 1 ibaki mchanganyiko kwa sababu programu nyingi za kuchezea video hucheza traki ya kwanza tu. Ukiweka maikrofoni pekee hapo na kumtumia mtu faili hiyo, atakupigia simu kukuuliza mbona mgeni wako hasikiki.

Kisha rudi "Settings", "Output", badilisha "Output Mode" iwe "Advanced", ingia "Recording" na uweke alama kwenye traki 1, 2, 3 na 4. Hatua hii ikisahaulika, kila ulichopanga kwenye gia ni kazi bure: OBS haiandiki traki isiyo na alama hapa, hata kama mshale wa sauti unacheza vizuri kwenye skrini. Kuhusu nafasi ya diski usiogope. Sauti ya kilobiti 160 kwa sekunde ni megabaiti 72 kwa saa, hivyo traki nne hazifiki megabaiti 300. Kinachokula diski ni picha: kilobiti 2,500 kwa sekunde, kiasi kinachotosha slaidi na mtu anayeongea, ni zaidi kidogo ya gigabaiti 1 kwa saa.

Aina ya faili iwe MKV. MP4 ya kawaida huandika faharasa yake mwishoni kabisa mwa rekodi, hivyo umeme ukikatika dakika ya 50 unabaki na faili kubwa isiyofunguka. MKV inakuachia kila kilichorekodiwa mpaka sekunde za mwisho. Matoleo ya kuanzia 30.2 yana "Hybrid MP4", iliyotengenezwa kutibu ugonjwa huohuo. Kama programu yako ya kuhariri haipokei MKV, nenda "File", kisha "Remux Recordings". Kazi hiyo huchukua sekunde chache kwa sababu haigusi ubora, inahamisha tu yaliyomo kwenye ganda jingine.

Anayehitaji traki ya Zoom peke yake kama faili ya sauti anaweza kuitoa kwa ffmpeg, programu inayoendeshwa kwa kuandika amri, kwa amri hii:

ffmpeg -i somo.mkv -map 0:a:2 -c copy zoom.m4a

Hesabu ya ffmpeg huanzia sifuri, kwa hiyo 0:a:2 ni traki ya 3. Wengi hukosea hapo na kutoa muziki wakidhani ni mgeni.

Yanayoharibika hata mipangilio ikiwa sawa

Spika zikiwa wazi, hakuna programu itakayokusaidia. Maikrofoni itaisikia Zoom kutoka hewani, na traki ya 2 uliyotaka iwe sauti yako tu itakuwa na watu wote. Vaa hedifoni. Lakini hedifoni za Bluetooth zina mtego wake: maikrofoni yake ikitumika, kifaa huhamia hali ya kupigia simu na sauti hushuka ubora, inakuwa nyembamba na ya puani. Sikiliza kwa Bluetooth ukipenda, ila maikrofoni iwe ya USB au ile ya kompyuta. Hedifoni za waya za bei ya chini zinashinda hapa, tena kwa mbali.

Kiwango cha sauti: mwanadamu anayeongea kawaida anapaswa kucheza kwenye rangi ya njano, yaani kati ya -20 na -9 dB. Akigusa nyekundu mara kwa mara, punguza kwenye kifaa chenyewe kabla ya kupunguza kwenye OBS. Kwa feni na kelele za barabarani, bofya maikrofoni kwa kitufe cha kulia, "Filters", ongeza "Noise Suppression" na uchague RNNoise. Inafanya kazi nzuri kwa maneno. Usiiweke kwenye muziki wala kwenye ala, itautafuna.

Kamera za USB huchelewesha picha kuliko maikrofoni inavyochelewesha sauti, na mdomo unaonekana kufuata maneno. Piga kofi moja mbele ya kamera, kisha hesabu fremu kati ya mlio na viganja kukutana. Kwa fremu 30 kwa sekunde kila fremu ni milisekunde 33, kwa hiyo tofauti ya fremu nne ni kama 133. Andika namba hiyo kwenye "Sync Offset" ya maikrofoni.

Jambo jingine ni mandhari, zile OBS inazoita "Scenes", yaani mikusanyiko ya vyanzo unayohama kati yake wakati wa kurekodi. Maikrofoni iliyowekwa kwenye "Settings" husikika kwenye mandhari zote, lakini "Application Audio Capture" huishi kwenye mandhari ulipoiongeza tu. Ukihama kutoka slaidi kwenda kwenye kamera, mgeni wako ananyamaza. Tiba ni kuongeza chanzo hichohicho kwenye mandhari ya pili kwa kuchagua "Add Existing", si kutengeneza kipya.

Kwa picha kanuni ni ileile: "Window Capture" badala ya "Display Capture". Ujumbe ukichomoza pembeni mwa skrini hauingii kwenye rekodi. Dirisha likitoka jeusi, hasa la Chrome, badilisha "Capture Method" kutoka BitBlt kwenda "Windows 10". Usilifiche dirisha hilo chini kabisa kwenye upau, OBS haioni dirisha lililofichwa hivyo. Wakati mwingine menyu za kubofya kulia nazo hazionekani kwa sababu Windows huzihesabu kama madirisha tofauti. Kwa mafunzo ya programu yenye menyu nyingi, chukua skrini nzima kisha ukate kingo kwa kushika Alt huku ukivuta pembeni. Na filamu za Netflix kwa kawaida hutoka nyeusi, hiyo ni kinga ya wenye haki na si hitilafu.

Wasio wa Windows

Kwenye Mac, chanzo cha "macOS Audio Capture" kinachagua programu moja vizuri kuanzia macOS 13, mradi umeipa OBS ruhusa ya kurekodi skrini kwenye mipangilio ya faragha. Mac ya zamani zaidi inahitaji kifaa bandia kama BlackHole, na kukipanga kunachosha. Kwenye Linux yenye PipeWire (mfumo unaosimamia sauti na video) itabidi uongeze programu-jalizi ya obs-pipewire-audio-capture. Ikishakaa, inafanya kazi sawa na ya Windows.

Kuna wasiohitaji OBS kabisa. Anayetaka dakika tano za programu moja bila traki za kando atumie Xbox Game Bar iliyomo ndani ya Windows: Windows na G kufungua, Windows na Alt na R kuanza. Anayerekodi mahojiano ya Zoom peke yake aangalie mipangilio ya Zoom yenyewe, kuna chaguo la kuhifadhi faili tofauti ya sauti kwa kila mshiriki kwenye kompyuta, jambo ambalo OBS haiwezi kwa sababu kwake Zoom yote ni sauti moja. Zoom pia huwajulisha washiriki kwamba wanarekodiwa. OBS haimjulishi mtu, hivyo wajibu wa kuomba ridhaa ni wako, na Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya 2019, Tanzania ya 2022.

Kwa simu hakuna OBS. Android kuanzia toleo la 11 ina kinasa skrini chake kinachokuuliza kama unataka sauti ya kifaa, maikrofoni, au vyote viwili, na uchaguzi unaishia hapo. Sauti ya simu au ya mazungumzo ya WhatsApp haitaingia kwa njia ya sauti ya kifaa, kwa kuwa Android haiiruhusu. Anayehitaji mazungumzo hayo ayafanyie kwenye kompyuta.