Kuchagua kituo cha data cha kuweka seva zetu: uzoefu wangu nikiwa Mtwara

Kampuni yetu ndogo ya Mtwara mjini inaendesha mfumo wa kumbukumbu za maghala na vyama vya msingi vya ushirika, hasa wakati wa korosho, kuanzia mkulima anapopima mzigo wake hadi malipo yanapoingia kwenye akaunti yake. Tangu msimu wa 2024 seva zetu zimekuwa katika nafasi tuliyokodi kwenye kituo cha data (jengo linalokodisha nafasi ya seva pamoja na umeme, ubaridi na intaneti) jijini Dar es Salaam, na ninaandika haya kwa ajili ya wenzangu wa Mtwara, Lindi, Masasi na Nachingwea wanaofikiria kuchukua hatua hiyo. Nimeridhika na uamuzi wetu, ingawa sababu za kuridhika kwangu ni tofauti na zile zinazopewa nafasi kubwa kwenye vipeperushi vya mauzo. Sitataja jina la kituo tulichokichagua wala la vile tulivyovipita, kwa kuwa masharti hutofautiana kati ya mteja na mteja, na jambo ninalotaka lisomwe ni namna ya kuchagua.

Kabla ya hapo tulikuwa na seva moja ofisini na nyingine ya kukodi huko Ulaya. Ya ofisini ilisumbuliwa na mambo mawili. La kwanza ni umeme, jambo linalowashangaza wageni kwa kuwa gesi ya Mnazi Bay inachimbwa hapa hapa Msimbati, na bomba la kuipeleka Dar es Salaam lilikamilika mwaka 2015. Lakini gesi kuwa ardhini hakuzuii laini ya mtaani kukatika, na betri za akiba za ofisi ndogo hazikuundwa kubeba mzigo kwa saa nyingi. La pili husemwa mara chache, nalo ni hewa ya bahari. Ukifungua kasha la seva iliyokaa kwenye chumba cha madirisha jirani na pwani, utakuta skrubu zimeota kutu, vumbi limegandamana kwenye mapanga ya feni kwa unyevu wenye chumvi, na miguu ya shaba kwenye viunganishi vya kebo imebadilika rangi. Kiyoyozi cha kawaida hupoza chumba, lakini hakichuji chumvi.

Seva ya Ulaya ilitupa somo la aina nyingine mwezi Mei 2024. Mwanzoni mwa mwezi huo kimbunga Hidaya kilipiga pwani yetu, na mvua zilizoandamana nacho zikaikata barabara kuu ya kusini katika wilaya ya Kilwa, eneo la Somanga likiwa miongoni mwa yaliyoathirika. Tarehe 12 ya mwezi huo huo mikongo ya baharini ya EASSy na SEACOM ikakatika upande wa Afrika Kusini, na intaneti ya nchi nzima ikazorota. Kwetu sisi ilikuwa na maana kwamba kumbukumbu za mkulima wa Tandahimba, zinazosomwa na karani aliyeko Tandahimba, hazikufunguka kwa sababu ya kebo iliyoharibika baharini mbali na Tanzania. Ilikuwa bahati kwamba msimu ulikuwa bado. Mnada wa kwanza wa korosho kwa kawaida hufanyika Oktoba, kwa hiyo tulikuwa na nafasi ya kutafuta mahali pengine bila kukurupuka.

Ilikuwapo pia sababu ya kisheria. Mfumo wetu umebeba majina, namba za simu na namba za akaunti za wakulima, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka mkusanyaji na mchakataji wa taarifa ajisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na inaweka masharti ya kusafirisha taarifa hizo nje ya nchi. Sheria haijafunga mlango wa kuhifadhi nje, ila inakudai uwe na majibu, na viongozi wa ushirika wenyewe walianza kuuliza taarifa za wanachama wao zinakaa wapi. Kuwajibu kwamba zipo Dar es Salaam, na kwamba wanaweza kwenda kuliona kabati zilimo, ni jibu linalomaliza mjadala.

Nilipoanza kuzungumza na vituo, kila kimoja kilitanguliza daraja lake, na neno lililosikika zaidi lilikuwa Tier III, yaani daraja la tatu. Maana yake, kwa mujibu wa Uptime Institute ya Marekani inayotoa madaraja hayo, ni kwamba kifaa chochote cha umeme au cha kupoza kinaweza kutolewa kwa matengenezo bila seva za wateja kuzimwa. Na asilimia 99.982 ya muda wa kuwaka inayotajwa sana kuhusu daraja hilo ni sawa na takriban saa moja na nusu ya kuzimika kwa mwaka mzima. Ni jambo zuri, lakini ni lazima uulize cheti kimetolewa kwa ajili ya nini. Kuna cheti cha michoro ya usanifu na kuna cheti cha jengo lililokwisha kujengwa na kupimwa, na umbali kati ya hivyo viwili ni umbali kati ya ramani ya nyumba na nyumba. Kituo chenye cheti cha michoro peke yake kinaweza kuwa kizuri kabisa, ila haki yako ni kujua hivyo kabla hujasaini.

Kwa hiyo tulipotembelea vituo niliomba kuona daftari la jenereta. Kituo tulichokichagua kilikuwa nalo limening'inizwa kwa kamba ukutani, ndani ya chumba cha jenereta chenyewe, likiwa na tarehe, saa za kuwashwa, kiasi cha dizeli kabla na baada, na safu ya mwisho iliyoandikwa ama «tupu» ama «na mzigo». Safu hiyo ya mwisho ndiyo niliyokuwa nikiitafuta, kwa sababu jenereta inayowashwa kila wiki bila kubeba mzigo halisi haijajaribiwa, na udhaifu wake hujitokeza siku umeme wa gridi unapokatika kweli. Kwenye kituo kingine mwenyeji wetu aliniambia kwamba kumbukumbu zipo makao makuu na nitatumiwa kwa barua pepe. Sikutumiwa, na sikuendelea nao.

Ndani ya raki, yaani kabati la kupachikia seva, mkazo wangu ulikuwa kwenye njia mbili za umeme. Seva zetu zina vyanzo viwili vya umeme kila moja, na kituo kinaleta nyaya mbili kutoka mifumo miwili ya betri iliyo mbali mbali. Watu wengi huishia hapo na kuona wamekingwa, kumbe kinga hiyo ina sharti: njia moja ikifa, ya pili inapaswa kubeba mzigo wote peke yake. Ukikodi ampea 10 kwa kila njia, kwa volti 230 unapata wati 2,300, na jumla ya matumizi yako kwenye njia zote mbili haitakiwi kuizidi hiyo, tena ubakize akiba. Watu wa mauzo hawatakuambia hivi, kwa sababu wewe ukijumlisha njia mbili na kudhani una wati 4,600, hutawalalamikia mpaka siku swichi itakaporuka. Hali ya joto niliipima kwa kipimajoto nilichobeba mwenyewe na kukiweka mbele ya raki, upande seva zinakovuta hewa. Kikakaa ndani ya nyuzi 18 hadi 27 zinazopendekezwa na ASHRAE, chama cha wahandisi wa upoozaji cha Marekani, nami nikaendelea na mengine.

Kuhusu mtandao, mtu wa kusini anatakiwa kuwa mkali kuliko mtu wa Dar es Salaam, kwa sababu kituo kuwa Tanzania hakuna maana kwamba njia ya kukifikia inabaki Tanzania. Niliomba anwani ya majaribio kwa kila kituo, kisha nikawaomba makarani wetu wa Newala, Nachingwea na Mtwara mjini wafuatilie njia ya pakiti (vifurushi vidogo vya data) kwa simu za mitandao tofauti. Mwanga ndani ya faiba husafiri takriban kilomita 200 kwa milisekunde moja, na kwa barabara kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam ni kama kilomita 560, kwa hiyo safari ya kwenda na kurudi haiwezi kupungua milisekunde 5 au 6, na kwa vifaa vya njiani inaongezeka kidogo. Ukiona milisekunde zaidi ya 100, shuku kwamba data imetoka nje ya nchi ikarudi. Hilo nililiona waziwazi kwenye kituo kimoja ambacho kilikuwa na mtoa huduma mmoja tu wa intaneti, naye kwa mitandao fulani hakuwa anabadilishana data hapa nchini. Kituo tulichokichagua kina watoa huduma kadhaa ndani ya jengo na kimeunganishwa na TIX, kituo cha kubadilishana data cha Dar es Salaam kilichoanzishwa mwaka 2004, na tofauti ilionekana hata kwa karani asiyejua lolote kuhusu mitandao: ukurasa wa stakabadhi ulifunguka mara tu alipoubonyeza.

Hata hivyo, ningeulizwa nichague kigezo kimoja cha kutangulia vyote, ningesema fundi wa zamu. Mteja wa Kariakoo au Mikocheni seva yake ikikwama hupanda pikipiki na kwenda kuibonyeza mwenyewe. Sisi wa Mtwara safari ya basi inamaliza siku nzima, na Mei ile ilituonyesha kwamba barabara yenyewe inaweza isiwepo. Kwa hiyo niliuliza kila kituo: usiku wa manane, diski ikifa, nani ataigusa, kwa maagizo ya nani, na kwa muda gani? Walikuwapo waliojibu kwamba mteja atume mtu wake. Wengine walisema fundi yupo ila yupo nyumbani, ataitwa.

Tulipata fursa ya kuona jibu la kituo chetu likitekelezwa katikati ya msimu. Diski moja kati ya mbili zinazobeba data ileile iliwasha taa ya njano usiku, nasi tukafungua ombi. Fundi alipiga simu akiwa amesimama mbele ya raki. Kwanza alipiga picha ya uso wa seva na kuituma, kisha akasoma kwa sauti namba ya raki, namba ya seva na namba ya tundu la diski, akaningoja nizirudie moja moja. Alichukua diski ya akiba kwenye boksi letu lililofungwa kwa lakiri, akasoma namba yake ya kiwandani, akaniuliza kama nairuhusu, na hapo ndipo akavuta ile mbovu. Ukivuta diski iliyo nzima badala ya mbovu unaweza kupoteza kila kitu, na fundi yule alijua hivyo bila kuambiwa. Makarani walipofungua maghala asubuhi hakuna aliyejua kilichotokea. Huduma hiyo inatozwa kwa saa, isipokuwa saa chache za kila mwezi ambazo tuliziombea ziingizwe ndani ya mkataba, na ninamshauri yeyote wa mkoani aziombe kabla ya kuomba punguzo lolote la bei.

Bei yenyewe ina sehemu tatu: nafasi ndani ya raki, umeme, na intaneti. Raki kamili kwa kawaida huwa na U 42 (U ni kipimo cha kimo cha nafasi moja ndani ya raki), na mwenye seva chache hana haja nayo. Umeme ndio unaoumiza, na kwa maoni yangu kituo chetu kinautoza ghali. Intaneti hupimwa kwa vipande vya dakika tano, kisha vipande vyenye matumizi makubwa zaidi, asilimia 5 ya vyote, huondolewa kabla ya kutoza, yaani kama saa 36 katika mwezi wa siku 30. Kwa biashara yenye siku za mnada zinazojaza njia halafu utulivu, mpango huo unafaa sana. Mkataba wetu wa kwanza uliandikwa kwa dola; tangu Machi 2025 kanuni zinakataza bei za huduma nchini kutangazwa kwa fedha za kigeni, hivyo mkataba uliofuata ulikuja kwa shilingi, na bajeti ikawa rahisi kupangwa. Hakikisha unajua kama VAT ya asilimia 18 imo ndani ya bei uliyotajiwa au itakuja juu yake.

Lalamiko langu kubwa ni kibali cha kuingia. Kituo kinataka jina na kitambulisho cha mgeni siku moja ya kazi kabla, na kwa fundi wetu anayetoka Mtwara kwa ndege kwa dharura hilo ni kikwazo kisicho na sababu nzuri, hasa wakati alama zake za vidole tayari zimo kwenye mfumo wao. Tumeuandikia uongozi kuhusu hilo na bado tunafuatilia. Vilevile kifungu cha kuondoa vifaa kiliandikwa kwa namna ambayo kituo kingeweza kushikilia seva hata pale ankara inapobishaniwa. Tulikataa kusaini mpaka kikabadilishwa, nao walikubali bila mvutano.

Jambo ambalo kituo cha Dar es Salaam hakiwezi kututatulia ni kukatika kwa mawasiliano kati ya huko na huku. Kwa ajili hiyo kila ghala tunalolihudumia lina kompyuta ndogo inayohifadhi vipimo vya siku na kuvituma njia inaporudi, na nakala rudufu ya usiku huletwa Mtwara kwenye mashine iliyofungiwa ndani ya chumba kisicho na dirisha. Mkataba wetu unaisha kabla ya msimu ujao, nasi tumekwisha kuomba U nne za ziada kwenye raki ileile.