Uzoefu wangu: mazoezi tiba baada ya kutolewa hogo, Mtwara mjini

Kwa mwenye haraka: mazoezi tiba yamenirudishia mguu. Ukitolewa hogo, ile plasta ngumu ya mfupa uliovunjika, halafu mtu akakwambia "nenda tu nyumbani, utazoea", pitia kwanza kwa mtaalamu wa fiziotherapia. Kwa mwenye nafasi naeleza kirefu, maana wateja wangu hapa Magomeni wananiuliza kila siku na ninawajibu nusu nusu huku nashona.

Mimi ni fundi cherehani, mama wa miaka hamsini na kitu. Bodaboda niliyopanda ilianguka barabara ya Mikindani, nikavunjika mfupa wa muundi, chini kidogo ya goti. Nikafungwa hogo kuanzia pajani mpaka karibu na vidole. Mfupa ukaunga vizuri, picha ya eksirei ikaonyesha hivyo. Lakini hogo lilipokatwa nikakuta mguu si wangu: goti halikunji, kifundo kigumu, paja limenywea, ngozi inabanduka magamba. Kukaa chooni ilikuwa shughuli ya watu wawili.

Nilianzia kituo kimoja cha binafsi, jina naliacha. Unalala kitandani, unawashiwa taa ya joto, unabandikwa vibandiko vya mashine ya umeme inayotekenya, kisha unachuliwa kwa mafuta. Elfu kumi na tano kila unapokanyaga pale. Sisemi ni wizi, maana joto linalegeza na kuchuliwa kunapoza maumivu, na nilikuwa natoka pale mwepesi kweli. Tatizo ni kwamba hakuna aliyewahi kupima goti linakunja kiasi gani, na hakuna aliyenipa kazi ya kwenda kufanya nyumbani. Ukilala ukahudumiwa, misuli nayo imelala.

Jirani ndiye aliyenipeleka sehemu ya pili, na hiyo ndiyo ninayoisifia hapa. Nilimkuta kijana mmoja, ndiye mtaalamu wa fiziotherapia, akanipa shikamoo, akavuta stuli, akaniuliza, "Mama, unataka goti likufanyie kazi gani?" Sikuwahi kuulizwa hivyo. Nikamwambia mambo matatu: nichuchumae chooni, niendeshe cherehani yangu ya miguu, na nisali chini badala ya kwenye kiti. Akaandika. Kisha akatoa rula mbili za plastiki zilizounganishwa kwa pini, akaziweka pembeni mwa goti, akasoma. Lilikunja nyuzi 55. Akanifafanulia kwamba kutembea tu kunataka kama nyuzi 60, ngazi zinataka 90 hivi, na kukaa kitako cha swala ni karibu goti lote, 140 na zaidi. Hapo hapo nikajua niko wapi na ninakwenda wapi. Akapima na mapaja yote mawili kwa futi kama yangu ya dukani. Bovu lilikuwa limepungua sentimita tatu na nusu.

Zoezi la kwanza nililidharau. Alikunja kanga ikawa kama mto mdogo, akaiweka chini ya goti, akasema, "Igandamize kanga kwa goti, hesabu mpaka tano, achia." Nikagandamiza, hakikutokea kitu. Nikatia nguvu mpaka nikabana meno, paja kimya. Akauchukua mkono wangu akauweka juu ya paja lisiloumia nibane, nikasikia nyama inakuwa ngumu. Akauhamishia kwenye bovu, laini tupu. Akasema misuli haijafa, ila goti likiumia na kuvimba mwili wenyewe unaizima ile misuli ya mbele ya paja, kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuiamsha, uzito baadaye. Nilirudia pale pale mpaka chini ya kiganja changu ikaruka kidogo, kama samaki aliyeshikwa mkononi. Nilicheka peke yangu mle ndani.

Basi nikatoka na kazi ya nyumbani. Kugandamiza kanga. Kuburuta kisigino kuelekea makalioni, kanga imetandikwa chini ya mguu ili uteleze kwenye sakafu. Kuinua mguu ulionyooka. Kusimama toka kwenye kiti bila kushika popote, kwanza kiti kikiwa kimeongezwa mto, halafu unautoa. Kusimama kwa vidole huku umeshika meza. Mara kumi, unapumzika, tena, tatu hivyo. Kuhusu cherehani nilidhani atanikataza, kumbe alifurahi: kukanyaga ile pedali ni zoezi la kifundo tosha, nianze bila uzi wala kitambaa, magurudumu yazunguke tu. Mashine yangu ya kazi ikawa mashine ya tiba, bure!

Paja lilipoanza kujaa akanifungia kimfuko cha mchanga kifundoni. Nikamuuliza kwa nini kila nikizoea anaongeza. Akanisimulia habari za daktari wa jeshi la Marekani, Thomas DeLorme, aliyetibu askari waliojeruhiwa vitani, kule Chicago. Zamani walioumia walipewa vizito vyepesi na marudio mengi. DeLorme, mwaka 1945, akaandika kwamba misuli iliyodhoofika irudishiwe nguvu kwa mzigo mzito unaopanda hatua kwa hatua. Baadaye mpango wake ukawa hivi: unatafuta uzito unaoweza kuuinua mara kumi tu, kisha unafanya kumi kwa nusu yake, kumi kwa robo tatu, na kumi kwa uzito kamili. Mwili ukiuzoea, unatafuta uzito mpya. Sisi tulifanya na mchanga wa ufukweni Shangani.

Kuuma kunauma, nisidanganye, hasa kukunja. Kanuni aliyonipa ndiyo iliyonisaidia kuliko dawa ya maumivu: kuuma wakati wa zoezi si neno, mradi kesho asubuhi goti limerudi lilivyokuwa. Likiamka limevimba au linauma kuliko jana, punguza, usiache. Shangazi mmoja wa mtaani alitaka kuniletea mkandaji wa mafuta ya nazi. Kijana hakumkashifu, ila alinionya: kigimbi kikivimba upande mmoja, kikawa cha moto na kuuma, asikichue mtu yeyote, nikimbie hospitali, maana huenda damu imeganda kwenye mshipa, na ikiondoka hapo ikaingia kwenye mapafu ni hatari kwa uhai. Kuishiwa pumzi ghafla ndiyo zaidi, hakuna kusubiri.

Sasa kasoro. Foleni. Mtaalamu ni mmoja, na chumba hicho hicho kina waliopata kiharusi, watoto wenye mtindio wa ubongo, wenye migongo. Ukichelewa, unamaliza adhuhuri. Baiskeli ya mazoezi ipo ila pedali moja imeng'oka na imefungwa kwa mpira. Karatasi ya mazoezi niliyopewa ni ya Kiingereza. Picha zinaeleweka, maneno ilibidi mwanangu anisomee. Na lililonichekesha kwa uchungu: chumba cha kutibu magoti, choo chake ni cha kuchuchumaa, hakuna hata bomba la kushika ukutani. Pale wagonjwa tunasindikizana.

Matokeo? Magongo nimeyaacha. Nimevuka kwenda Msangamkuu kumwona mama mdogo, na ule mteremko wa kuingilia kivukoni, ambao ndio niliouogopa, niliushuka mwenyewe taratibu. (Kushuka ndiko kunakolipima paja, kupanda ni rahisi.) Nashona siku nzima. Chooni najitegemea. Kitako cha swala bado: goti linafika 125, mguu nauweka pembeni kidogo. Kijana anasema nyuzi za mwisho ndizo zinazochelewa na nisiache kuburuta kisigino, nami siachi.

Ukienda, vaa suruali pana au dera linalopandishika, beba picha yako ya eksirei na karatasi za hospitali, ufike mapema. Muulize mtaalamu maswali mawili: amepima nini leo, na nikafanye nini nyumbani. Akikosa jibu la yote mawili, tafuta mwingine. Nyota nne kati ya tano; ya tano wataipata siku nikikuta bomba la kushika mle chooni.