Uhakiki wa Ben-Hur: taharuki iliyo kando ya Injili

Mwandishi anayetunga riwaya ya taharuki ndani ya historia ya Biblia ana mtihani mgumu: msomaji wake anajua mwisho. Tunajua Yesu atasulubiwa. Tunajua Yerusalemu itachomwa na Warumi mwaka 70. Huwezi kumweka mtu roho juu kwa jambo aliloliimba na kulikariri tangu utotoni. Nadhani ndiyo sababu riwaya nyingi za aina hii, ambazo nazipenda kuliko riwaya nyingine zozote, hukimbilia hazina zilizofichwa mapangoni na wasomi wanaofukuzwa na wauaji. Zinasomeka, tena kwa kasi, lakini Biblia imewekwa humo kama pambo. Iondoe, weka dhahabu ya mfalme yeyote, na hadithi itasimama vilevile.

Ben-Hur ya Lew Wallace, iliyochapishwa Marekani mwaka 1880, ukiiondolea Biblia inaanguka yote. Wengi wanaijua kwa ile filamu ya mwaka 1959 iliyotwaa tuzo 11 za Oscar, na wanadhani wakishayaona mashindano ya magari ya farasi wameyamaliza yote. Kitabu ni kitu kingine. Wallace aliziacha habari za Yesu zibaki kama Injili ilivyozisimulia, kisha wasiwasi wote akauhamishia kwa watu wa pembeni, watu ambao hakuna mstari wa Maandiko unaotuambia waliishia wapi. Yesu tunajua anakoelekea. Lakini mama yake Judah Ben-Hur, aliyefungiwa kama amezikwa hai chini ya ngome ya Antonia mjini Yerusalemu, atatoka? Hilo hatulijui, na ndilo linalokufanya ufungue sura nyingine hata kama macho yameshakuwa mazito.

Judah ni kijana wa ukoo tajiri wa Yerusalemu. Rafiki yake wa utotoni, Messala, amerudi kutoka Roma akiwa mtu mwingine, mwenye dharau kwa kila kitu cha Kiyahudi, na urafiki wao unavunjika. Muda si mrefu liwali mpya, Valerius Gratus, anaingia mjini na askari wake. Judah anatazama msafara kutoka juu ya nyumba yao, anaegemea ukingo, kigae kinang'oka na kumpiga liwali kichwani. Gratus hafi. Askari wanavamia nyumba, na Messala yuko nao. Neno lake moja lingetosha kumwokoa rafiki yake. Badala yake anamwonyesha Judah kwa kidole, halafu mama yake, halafu dada yake Tirzah: familia yote hii hapa, ichukueni. Ukurasa huo nimeurudia mara nyingi, na kila mara nashikwa na hasira mpya.

Na hapo ndipo historia inapoanza kufanya kazi. Gratus si mtu wa kubuni. Mwanahistoria Josephus anamtaja kuwa ndiye aliyetawala Uyahudi kabla ya Pilato, takriban mwaka 15 hadi 26 B.K., na anaeleza jinsi alivyowaondoa makuhani wakuu na kuweka wengine, mmoja baada ya mwingine, wa mwisho akiwa Kayafa, yule aliyeongoza baraza lililomhukumu Yesu. Mtawala anayechezea ukuhani mkuu namna hiyo lazima achukiwe, na anayejua kwamba anachukiwa hawezi kuamini kuwa kigae kimeanguka chenyewe. Adhabu ya kikatili inayofuata, Judah kwenye merikebu, mama na dada gerezani, haijalazimishwa na mwandishi ili kisa kisonge. Inatoka ndani ya hali ya mji wenyewe. Halafu fikiria kwamba mtu huyuhuyu anayewafungia wanawake wawili wasio na hatia ndiye aliyempa Kayafa kiti chake. Wallace hapigii jambo hilo ngoma. Analiacha mezani, na msomaji anayeijua Injili yake atalichukua mwenyewe.

Mambo ya gerezani ndiyo taharuki bora kabisa ya kitabu hiki, na filamu imeyapita haraka mno. Gratus hakutaka damu ya wanawake wale iwe mikononi mwake waziwazi, kwa hiyo aliwafanya wasahaulike. Ramani ya vyumba vya chini ya ngome ilichorwa kwa makusudi ili chumba kimoja kisionekane. Miaka minane inapita. Anapokuja Pilato na kuagiza wafungwa wote wahesabiwe, mlinzi wa gereza anamkuta katika chumba cha jirani mfungwa kipofu aliyekatwa ulimi. Wanamtoa, wanamwacha huru, naye hataki uhuru. Anahangaika kurudi kwenye ukuta wake, anaupapasa, anajaribu kueleza jambo bila ulimi. Kumbe ukutani mna tundu, na kwa miaka yote hiyo alikuwa akipitisha humo chakula na maji. Nikitaka kumwelekeza mtu afahamu taharuki ni nini, nampa kurasa hizo. Hakuna anayefukuzwa, hakuna upanga uliochomolewa. Kuna kipofu, ukuta na mlinzi anayeanza kuitilia shaka ramani aliyoiamini miaka yote.

Mama na Tirzah wanapatikana hai. Lakini chumba chao kilikuwa na ukoma, nao sasa wana ukoma, wote wawili, na hapa Mambo ya Walawi sura ya 13 inakuwa mlango mwingine, uliofungwa zaidi kuliko ule wa chuma. Sheria inasema mwenye ukoma akae nje ya makao ya watu, afunike mdomo, apige kelele kwamba ni najisi ili wengine wajiepushe. Sura hiyo wengi wetu huiruka tunaposoma Biblia mwaka mzima. Soma sasa usiku ambao mama na Tirzah wanapita kisirisiri mbele ya nyumba yao ya zamani na kumkuta mwanamume amelala ngazini. Mama anakaribia. Ni Judah. Amemtafuta kila mahali, amechoka, usingizi umemchukua kwenye mlango wa nyumba iliyopigwa muhuri. Mama hawezi kumwamsha, kwa sababu akiamka atamkumbatia, na akimkumbatia atamwambukiza. Anatambaa mavumbini mpaka miguuni pake na kubusu soli ya kiatu chake. Judah anageuka usingizini na kumtaja mama. Wao wanarudi nyuma gizani, na kutoka huko wanamwona mtumishi wao wa zamani, Amrah, akitoka, akimkuta, akimlilia mikononi. Mtumishi anamshika. Mama anatazama.

Mwandishi asiyeiheshimu historia angemfanya mama amkumbatie mwanawe pale, machozi yamwagike, mambo yaishe. Wallace aliielewa sheria ile jinsi watu wa wakati ule walivyoibeba, na akaiacha iwatenganishe hatua mbili tu. Kuanzia hapo, kila Yesu anapotajwa kuwa anaponya wenye ukoma huko Galilaya, moyo unadunda. Muujiza niliousoma mara nyingi bila kushtuka sasa nausubiri kama habari ya ndugu aliye hospitalini. (Katika kitabu uponyaji unatokea siku Yesu anapoingia Yerusalemu, si wakati wa dhoruba ya msalabani kama kwenye filamu. Mimi naona kitabu kimepatia.)

Sasa nitoe lawama moja. Sehemu ya merikebu ya kivita, ambako Judah anatumikia miaka mitatu akipiga makasia na kujulikana kwa namba ya benchi lake, inasisimua sana, hasa pale kamanda Quintus Arrius anapoagiza kimyakimya asifungwe mnyororo kabla ya mapigano. Ishara ndogo, na maisha ya watu wawili yanategemea hiyo. Lakini wapiga makasia wa jeshi la majini la Roma kwa kawaida walikuwa watu huru waliolipwa, si wafungwa waliofungwa minyororo. Picha ya mtumwa wa merikebu ni ya karne za baadaye katika Bahari ya Kati. Riwaya hii na filamu zake zimeisambaza sana, kiasi kwamba nimesikia watu wakiisimulia kama historia ya Agano Jipya. Furahia sura hizo, ila usizifundishe.

Mashindano ya magari ya farasi huko Antiokia, kati ya Judah na Messala, hayahitaji sifa zangu. Nitasema tu kwamba yanafaa kusomwa polepole, kwa sababu Wallace anakujengea kwanza farasi wanne wa Sheik Ilderim, Mwarabu ambaye Judah anamwendeshea gari: Aldebaran, Antares, Rigel na Atair, wote wenye majina ya nyota, mpaka unawajua kama watoto wa nyumbani. Messala anapowachapa mjeledi, farasi ambao hawajawahi kuguswa na mjeledi, unahisi umechapwa wewe. Na usidhani Judah anashinda kwa usafi wa moyo. Anagonga gurudumu la Messala kwa ekseli yake, kwa kukusudia. Amekuja kulipiza kisasi, na kitabu hakikufichi.

Kisasi hicho ndicho kinachomfikisha kwenye msalaba akiwa na mawazo yasiyo sahihi. Amefundisha vikosi vya Wagalilaya kwa siri, anamsubiri mfalme atakayewafukuza Warumi, na Yesu haamrishi vita. Wasiwasi wa sehemu ya mwisho ni huo: jeshi lipo, mfalme yupo, na mfalme ananyamaza. Hapa kuna jambo ambalo lazima nilitaje hata kama nitawaharibia wengine utamu kidogo. Mwanzoni, Judah akipelekwa utumwani kwa mnyororo, anaanguka kisimani Nazareti, na kijana wa seremala anamnywesha maji bila kusema neno. Wallace alijiwekea sharti kwamba Yesu hatatamka chochote kisichoandikwa katika Injili, ndiyo maana pale kisimani ananyamaza. Sasa kumbuka Mathayo sura ya 27: Yesu akiwa msalabani, mmoja wa waliosimama pale alikimbia, akatwaa sifongo, akaijaza siki, akamnywesha. Mtu huyo hatajwi jina. Wallace aliiona nafasi hiyo tupu na akamsimamisha Judah hapo. Ndivyo riwaya ya namna hii inavyopaswa kuandikwa, kwa kuingia pale Maandiko yaliponyamaza na kutogusa yaliposema.

Na nafasi kama hizo ni nyingi. Matendo ya Mitume sura ya 23 inasimulia watu zaidi ya arobaini walioapa kutokula wala kunywa mpaka wamuue Paulo. Kijana mmoja, mtoto wa dada yake Paulo, anasikia njama hiyo, anaingia ngomeni, jemadari anamshika mkono na kumtenga kando amsikilize. Usiku huohuo Paulo anasafirishwa na askari 200, wapanda farasi 70 na wenye mikuki 200. Halafu kijana huyo hatajwi tena. Aliisikiaje siri ile? Alirudije nyumbani kupita kati ya watu wenye njaa na kiapo? Ngome hiyo kwa kawaida inahesabiwa kuwa Antonia, ileile ya mama yake Judah. Namwombea mwandishi yeyote wa Kiswahili aichukue sura hiyo. Nitakuwa wa kwanza kununua.

Kuhusu mwandishi mwenyewe: Wallace alikuwa jenerali katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, na kwa miaka mingi alibeba lawama ya kuchelewa kufikisha kikosi chake katika mapigano ya Shiloh mwaka 1862. Simulizi ya mtu anayeharibiwa maisha na tukio la dakika moja imeandikwa na mtu aliyejua uchungu wake, ndivyo ninavyoisoma mimi. Mwaka 1876, ndani ya treni, alizungumza kwa saa nyingi na Robert Ingersoll, msemaji maarufu aliyepinga dini, na baadaye alieleza kwamba aliona aibu kwa jinsi alivyokuwa hajui lolote la imani yake mwenyewe. Akajifunza kwa kuandika. Alikuwa hajafika Yerusalemu. Alitegemea vitabu na ramani, na alikimaliza kitabu huko Santa Fe alipokuwa gavana wa New Mexico. Ukijua hivyo, utashangaa unavyoweza kuifuata njia ya wahusika mtaa kwa mtaa.

Udhaifu wake ni urefu wa maelezo. Kiingereza ni cha karne ya 19, hotuba ni ndefu, na Iras, binti wa Balthasar, mmoja wa Mamajusi, anazungumza kwa mafumbo mpaka unachoka naye. Sehemu ya kwanza kati ya nane ni ya Mamajusi wanaokutana jangwani, na kila mmoja anasimulia alikotoka kwa utulivu ambao utamshinda kijana aliyezoea mambo ya haraka. Haki miliki ilishakwisha, kwa hiyo kinapatikana bure mtandaoni kihalali, na ninawashauri vijana ninaowafundisha Biblia waanze sehemu ya pili, kwenye ugomvi wa Judah na Messala. Balthasar atakapotokea akiwa mzee katika hema la Ilderim, sehemu ya nne, hapo ndipo warudi mwanzo kuwasoma Mamajusi. Wanazisoma kurasa zilezile zilizowashinda, kwa sababu sasa wanataka kujua mzee huyo alimwona nani Bethlehemu na kwa nini bado anamtafuta.