TAHADHARI: Kuna Mswahili mwenzetu hapa Ohio anauza ATC70 "iliyopangwa taimingi"

Jamani, anayetafuta ATC70, ile pikipiki ndogo ya Honda ya matairi matatu, asitoe hela kabla hajasoma hapa. Nimepigwa dola 850, tena na mtu aliyeniita kaka, akanikaribisha chai, tukaongea Kiswahili saa nzima.

Tangazo lake lilikuwa hivi: Honda ATC70 ya 1978, injini safi, taimingi (yaani wakati wa plagi kupiga cheche) imepangwa upya na fundi. Fundi mwenyewe ndiye yeye.

Nilipofika Jumamosi niliikuta uani, ekzosi bado ya moto. Akasema alikuwa anaipasha. Akavuta kamba mara moja tu, ikawaka, ikanguruma vizuri kabisa. Akaizima. Halafu akafanya kitu ambacho nikikikumbuka damu inanichemka. Alifungua kava la kushoto mbele ya macho yangu, akachukua fila geji, kile kibati chembamba cha kupimia mianya, akapima mwanya wa platini, zile ncha mbili zinazoachana ili plagi ipige cheche. 0.35 mm. Inatakiwa kati ya 0.3 na 0.4, kwa hiyo hapo sawa. Akaleta kitaa cha betri, waya mmoja kwenye platini, mwingine kwenye mwili wa injini, akaanza kuzungusha flaiwili, lile gurudumu zito la pembeni mwa injini, polepole kinyume cha saa.

"Kaka inama hapa. Usinitazame mimi, tazama F."

Nikainama. Herufi F kwenye flaiwili, inayoonyesha cheche inapotakiwa kupiga, ilipofika kwenye alama ya injini, kitaa kikafifia, yaani platini zimeachana. Pale pale! Akarudia mara tatu, kila mara pale pale. Akanipa na mimi nizungushe kwa mkono wangu. Sasa niambieni, wewe ungekataa? Mtu hakwambii umwamini, anakuonyesha. Anakwambia amejifunzia kazi mtaa wa Gerezani kule Dar, anakutajia mitaa ya Kariakoo unayoijua, mikono imejaa grisi. Na hivi vyombo vya matairi matatu havijauzwa vipya Marekani tangu makampuni yalipokubaliana na serikali mwaka 1988, ATC70 yenyewe iliishia 1985. Hakuna duka la kukupa garantii. Unategemea neno la mwenye nacho.

Niliomba niipande kidogo. Nyasi zimelowa, akasema, na jirani analalamika kelele. Nikakubali. Nikahesabu hela, nikampa, akanisaidia kuipakia.

Nyumbani ikawaka vizuri. Nikaipeleka kwenye kile kimlima nyuma ya ghala. Gia ya pili haina nguvu hata ya kubeba mtoto, ekzosi inapiga kama risasi, na giza lilipoanza kuingia nikaona bomba linapotokea kwenye silinda limeiva, jekundu. Nikampigia. Akasema kabureta. Nikafungua kabureta, nikasafisha, hali ile ile. Akasema basi rudia taimingi. Siku nne, ndugu zangu, siku nne nalegeza platini na kukaza, na kila nikipima F inakaa sawasawa. Nilishaanza kujiona mimi ndiye mjinga wa injini.

Siku ya tano nikatoa plagi, nikatumbukiza mrija wa kunywea soda kwenye tundu lake, nikazungusha mpaka mrija ukafika juu kabisa usiendelee kupanda. Hapo pistoni iko kileleni, na alama ya T kwenye flaiwili inatakiwa itazamane na alama ya injini. Haikuwepo! Ilikuwa bado iko nyuma, kama upana wa kidole. Nikaazima puli, kile kifaa cha kuivutia nje, nikang'oa flaiwili. Ile kii ndogo ya nusu mwezi inayoishikilia kwenye krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni, imekatika, nusu moja haipo, na njia yake imetafunika. Na kwenye shingo ya krenki kumepakwa gundi ya chuma, imekauka, nikaikwangua kwa kisu.

Mnaelewa maana yake? Flaiwili iliteleza, akaigundisha hapo ilipokwama. Alama za F na T zimechorwa kwenye flaiwili, na kinachofungua platini kinazunguka na flaiwili hiyo hiyo. Kwa hiyo F itakubaliana na platini hata ukiigundisha kichwa chini miguu juu, huku pistoni ina habari zake na cheche inachelewa. Yule mtu alijua. Gundi haijipaki yenyewe. Alijua, na bado akaniinamisha nitazame F mara tatu!

Kii mpya ni dola chache. Krenki ndiyo imeharibika.

Kwa hiyo ukikuta injini imeshapashwa moto kabla hujafika, au hakuruhusu uipeleke mlimani, ondoka. Nenda na mrija wako, ukague T. Puli ya flaiwili pia, akikukatalia kuing'oa mbele yako ujue kuna kitu. Na mtu anayekuonyesha F kwa haraka hivyo bila kuulizwa, mh.

Ila huyu asiachiwe hivi hivi. Ameninyamazia, kisha akaniblok. Tangazo lake nimelipiga picha, meseji zote ninazo, gundi nimeiweka kwenye kopo. Naenda mahakama ya madai madogo, na wazee wa jumuiya nao nataka wamwite, akae mbele ya watu aeleze. Asiruhusiwe kuuza hata baiskeli kwenye makundi yetu. Mtu anakula chai na wewe huku anakuibia! Afungiwe kote, Columbus, Dayton, kote. Jina silitaji hapa, anayetaka kununua ATC70 anitafute pembeni kwanza nimwambie kama ni yeye.

Nasikia wiki hii anatangaza nyingine, nyekundu, nayo "imepangwa taimingi". Kama yupo aliyekwishatoa advansi, leo hii arudi na puli.