Matairi ya A/T kwenye Prado ya lami: uzoefu wangu baada ya kilomita 28,000

Gari ni Prado 150 na saizi ya kiwandani ni 265/65R17. Katika kila kilomita kumi, nane au tisa ni lami, zaidi ikiwa Dar es Salaam hadi Dodoma. Zilizobaki ni changarawe, mchanga kidogo, na udongo mweusi wa mbugani mvua zikinyesha. Kwa safari za namna hii A/T (all-terrain, tairi la lami na njia mbovu pia) inafaa. Ila A/T ziko za aina mbili, na ile inayolifaa gari la lami ndiyo muuzaji huitaja mwisho, kwa kuwa haina mbwembwe.

Soma ubavu wa tairi kabla hujatazama kashata, yaani vipande vya mpira vinavyokanyaga barabara. Saizi ikianza na herufi LT, hilo ni tairi la gari la mizigo midogo. Katika saizi hii huandikwa LT265/65R17 120/117, na 120 maana yake ni kilo 1,400 kwa tairi moja. Lisilo na LT huandikwa 265/65R17 112, yaani kilo 1,120. Zidisha mara nne: kilo 4,480. Prado iliyojaa watu na mizigo haivuki tani tatu, kwa hiyo uwezo wa ziada wa LT hauna kazi ya kufanya kwenye gari hili. Jina la kampuni peke yake halikuongozi. Yokohama Geolandar A/T G015, kwa mfano, inatengenezwa kwa matoleo yote mawili, wakati BFGoodrich KO2 ya saizi hii ni LT. Mwambie muuzaji namba nzima, si jina tu.

Ubaya wa LT kwenye lami unaanzia kwenye upepo. Ubavu wake ni mnene na mgumu, na ili ubebe uzito uleule unahitaji psi 8 hadi 12 zaidi ya tairi la 112. Kibandiko cha mlangoni kwa dereva kimeandikwa kwa ajili ya tairi la kiwandani. Ukijaza LT kwa namba hiyo, linakuwa na upepo pungufu bila kuonekana, maana ubavu mgumu haubonyei. Linapata joto kwenye mwendo mrefu na mabega yanalika kabla ya katikati. Ukijaza psi 40 inavyotakiwa, kila shimo linapanda hadi kwenye usukani, na shokomzoba na bushi ndizo zinazolipa. Kisha kuna uzito wenyewe. Prado nyingi zina spea mlangoni, na spea ya LT inazielemea bawaba za mlango ule siku zote. Anayepita kila wiki juu ya mawe makali ya njia ya Ziwa Natron ana sababu nzuri ya kununua LT. Mimi sina, kwa hiyo nilifunga la 112.

Kwenye kashata, tafuta mstari wa katikati ulioshikana, na juu ya kila kashata kuwe na michirizi mingi myembamba kama iliyokatwa kwa wembe. Michirizi hiyo ndiyo inayoshika lami yenye maji. Kashata kubwa zilizoachana zinapendeza kwenye picha, lakini zinavuma kuanzia mwendo wa 70 na zinarefusha umbali wa kusimama mvuani. Hata A/T nzuri haisimami kama tairi la lami kwenye maji. Acha nafasi zaidi mbele yako.

Usibadilishe kipimo. 265/70R17 linaongeza kipenyo kutoka milimita 776 hadi 803, asilimia 3.4, na mshale ukisema 100 unakimbia 103. Mara nyingi pia linagusa plastiki ya tao la mbele ukikata usukani hadi mwisho.

Tarehe ya kutengenezwa iko kwenye namba nne za mwisho za mstari unaoanza na DOT ubavuni: 1424 ni wiki ya 14 ya mwaka 2024. Kagua matairi yote, moja moja, kwa sababu seti moja inaweza kuwa na umri tofauti. Namba hizo mara nyingi ziko upande mmoja tu, kwa hiyo geuza tairi. Lililozidi miaka miwili dukani nalirudisha.

Nilinunua matano. Prado inaendesha magurudumu yote manne muda wote. Tairi jipya lenye kina cha milimita 10.5 likikaa pamoja na matatu yaliyolika hadi 3, tofauti ya kipenyo ni milimita 15, karibu asilimia 2. Difu ya katikati, inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, inalazimika kufidia tofauti hiyo safari nzima, na oili yake inapata joto bure.

Siku ya kufunga, simama karibu na fundi. Ukingo wa rimu unaokalia tairi usuguliwe kutu na mabaki ya mpira wa zamani, la sivyo utakuwa unaongeza upepo kila wiki huku hakuna pancha inayoonekana. Valvu ziwe mpya. Balansi ifanyike kwa kila gurudumu, pamoja na spea. Nati sita zianzwe kwa mkono, zikazwe kwa kuvukana, na zimaliziwe kwa toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza), Nm 112 kwa rimu za aloi. Bunduki ya upepo inapitiliza kipimo hicho kirahisi, halafu barabarani spana ya gari haifungui. Zikague tena baada ya kilomita 100. Alaimenti ifuate siku hiyohiyo, na udai karatasi ya vipimo vya kabla na baada. Kilomita 500 za kwanza endesha kwa upole, kwa sababu mafuta ya kiwandani bado yako juu ya mpira.

Matumizi ya mafuta yalipanda kutoka lita 11.8 hadi 12.3 kwa kilomita 100, kama asilimia 4. Hapa wengi wanaitupia A/T lawama zote. Matairi ya zamani yalikuwa yamebaki milimita 3, mapya ni makubwa kwa asilimia 2, kwa hiyo odomita sasa inahesabu kilomita pungufu. Karibu nusu ya ongezeko ni hesabu tu. Iliyobaki ni ya kweli, na ndiyo gharama ya kashata.

Upepo napima asubuhi gari likiwa limepoa. Baada ya saa moja ya mwendo, kupanda psi 4 ni kawaida. Ikipanda 6 au zaidi, ulianza safari na upepo mdogo.

Mvumo ndio utakaokuambia kama umezembea. Pitisha kiganja juu ya kashata za pembeni kwa mwelekeo wa mzunguko, kisha urudishe. Zikiwa laini kwenda na zinakwaruza kurudi kama meno ya msumeno, zungusha matairi: ya nyuma yaende mbele upande uleule, ya mbele yaende nyuma kwa kuvukana. Mimi nafanya hivyo kila kilomita 8,000. Lakini ukwaruzo ukiusikia ukipitisha kiganja kutoka ndani kwenda nje, kuzungusha hakutibu kitu. Hiyo ni alaimenti, au bushi iliyokwisha. Wakati huohuo chokoa kokoto kwa bisibisi butu. Mifereji ya A/T inazibana sana, na zikiachwa zinachimba hadi kwenye nyaya za chuma.

Kwenye changarawe ni raha tupu, hasa gari likishuka mteremko wenye mawimbi. Mchangani, shusha hadi psi 20, usizidi kilomita 40 kwa saa, na uwe na pampu ya kurudishia upepo kabla ya lami. Udongo mweusi ni habari nyingine: mifereji inajaa ndani ya mizunguko michache na tairi linakuwa kipara. Hapo nasubiri kukauke.

Leo mbele nimepima milimita 6.7 na nyuma 7.2, wastani wa milimita moja kila kilomita 8,000. Nitayatoa yakifika 3, kwenye kilomita 60,000 hivi, bila kusubiri alama ya 1.6 iliyo ndani ya mifereji, kwa sababu chini ya 3 hayasukumi tena maji ya kutosha kwenye mvua ya Morogoro.